John Dee: Mnajimu aliyechagua siku ya kumvika taji Malkia Elizabeth wa Kwanza

Jumapili ya tarehe 15 Januari 1559, mwanamke wa miaka 25 alivikwa taji katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Huyo ndiye Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa kufungua kalenda na kutazama lini watu wana nafasi. Ilitafutwa na mtu aliyeketi na kalamu, majedwali ya hesabu na mchoro wa anga, akapima ni lini nyota zingekuwa upande wa malkia mpya. Mtu huyo aliitwa John Dee.

Ndugu msikilizaji, jina la Elizabeth wengi wetu tulilisikia shuleni. Jina la John Dee halisikiki sana huku kwetu, ingawa huko Uingereza ni maarufu hadi leo. Katika makala haya tunaeleza maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa. Elimu ile ile iliyokaribia kumuua akiwa kijana ndiyo iliyompandisha hadi karibu na kiti cha enzi. Hata hivyo, alikufa maskini.

Mtoto wa muuza vitambaa

John Dee alizaliwa London tarehe 13 Julai 1527. Baba yake, Rowland Dee, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na asili ya ukoo wao ni Wales. Mzee Rowland alikuwa pia na kazi ndogo katika jumba la Mfalme Henry wa Nane, kwa hiyo mtoto huyu alikua akisikia habari za ikulu.

Mwaka 1542, akiwa na miaka 15, aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa msomi wa kukesha. Alisoma hesabu, Kigiriki na elimu ya anga, na mwaka 1546 chuo kipya cha Trinity kilipoanzishwa, alikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza.

Hapo ndipo sifa mbaya ilipoanzia. Katika mchezo wa kuigiza wa Kigiriki, Dee alitengeneza mtambo wa mdudu mkubwa aliyempandisha mtu hewani hadi juu ya jukwaa. Ulikuwa ufundi wa kamba na kapi tu. Lakini watazamaji hawakuziona kamba, na wengine waliondoka wakiamini kuwa kijana huyu ni mchawi. Neno hilo halikumwacha tena maisha yake yote.

Alivuka bahari akasoma Louvain, katika nchi inayoitwa Ubelgiji leo. Huko alikutana na Gemma Frisius, mwalimu mkubwa wa hesabu na anga, na akawa rafiki wa Gerardus Mercator, yule mchora ramani ambaye namna yake ya kuchora dunia imetumika hadi katika ramani za ukutani za shule zetu. Mwaka 1550 alifundisha hesabu Paris mbele ya watu wengi. Aliporudi nyumbani mwaka 1551 mfalme kijana Edward wa Sita alimpa posho ya kila mwaka.

Kosa la kutazama nyota za malkia

Edward alikufa mwaka 1553 akiwa na miaka 15. Dada yake Mary akatwaa kiti. Mary alikuwa Mkatoliki, na alitaka kuirudisha nchi katika Ukatoliki baada ya baba yake na kaka yake kuiondoa huko. Watu wengi waliokuwa karibu na utawala uliopita waliangushwa. Baba yake John Dee alikuwa mmoja wao. Alikamatwa, akapoteza mali yake, na urithi wa mwanawe ukapotea hapo.

Mwezi Mei 1555 ikawa zamu ya John mwenyewe. Alikamatwa, nyumba yake ikapekuliwa. Kosa lake lilikuwa kupiga hesabu za nyota za watu watatu: Malkia Mary, mume wake Philip wa Hispania, na mdogo wake Mary, yaani Elizabeth.

Leo mtu anaweza kushangaa. Kutazama nyota ya mtu kuna ubaya gani? Ili kuelewa, tazama hali ya mwezi ule. Nchi nzima ilikuwa ikisubiri Malkia Mary ajifungue mtoto. Mtoto akizaliwa salama, Elizabeth hana tena nafasi. Malkia akifa katika uzazi, Elizabeth ndiye anayerithi. Sasa kuna msomi ambaye watu wa nyumba ya Elizabeth wamewasiliana naye, na msomi huyo amekutwa akipima nyota za wote watatu. Kwa watawala, hiyo ilikuwa sawa na mtu kupima kaburi la mgonjwa ambaye bado anapumua. Na kuna waliosema zaidi, kwamba Dee alitaka kumwua malkia kwa uchawi.

Alihojiwa na baraza la malkia, kisha akafikishwa katika mahakama iliyoitwa Star Chamber. Shitaka la uhaini halikuthibitika. Hata hivyo hakuachiwa hapo hapo. Alipelekwa kwa Askofu Edmund Bonner wa London ili ichunguzwe imani yake. Mtu mmoja aliyewekwa naye chumba kimoja kizuizini, Barthlet Green, alichomwa moto mwaka 1556 kwa sababu ya dini. Dee alitoka akiwa hai.

Na mtoto wa Malkia Mary? Hakuzaliwa. Ilikuja kujulikana kuwa haikuwa mimba.

Siku njema inatafutwaje?

Mary alikufa tarehe 17 Novemba 1558. Siku hiyo hiyo Elizabeth akawa malkia. Lakini kuwa malkia na kuvikwa taji ni mambo mawili. Taji ndilo linalomfanya mtawala akubalike mbele ya Mungu na mbele ya watu, na siku yake lazima ipangwe.

Rafiki wa karibu wa malkia, Robert Dudley, alimwendea John Dee na kumpa kazi hiyo: atafute siku njema. Mtu aliyefungwa miaka mitatu iliyopita kwa kutazama nyota za Elizabeth sasa anaombwa azitazame, tena kwa ruhusa yake mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hesabu zaidi kuliko ya miujiza. Kwanza mnajimu huanza na siku, saa na mahali alipozaliwa mtu. Elizabeth alizaliwa Greenwich tarehe 7 Septemba 1533. Kwa kutumia majedwali, anapata Jua, Mwezi na zile nyota tano zinazotembea zilikuwa wapi angani saa hiyo. Wakati huo darubini haikuwepo, kwa hiyo nyota zilizojulikana kutembea ni zile tu zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali.

Anga lote liligawanywa mafungu 12 yanayoitwa buruji. Ndizo zile ambazo gazetini tunazisoma kama Simba, Mizani, Nge na kadhalika. Jua la Elizabeth lilikuwa katika Mashuke. Kila nyota ilipewa tabia yake. Mushtarii ilihesabiwa kuwa nyota ya heri na ya watawala, Zuhura ya mapenzi na maelewano, Mirihi ya vita, na Zohali ya uzito na dhiki.

Hatua ya pili ni kwenda mbele. Mnajimu anakokotoa mahali nyota zitakapokuwa katika siku zijazo, kisha anazilinganisha na zile za kuzaliwa. Anatafuta saa ambayo nyota za heri zina nguvu na zile za shari zimekaa pembeni. Anachagua pia siku inayofaa kwa desturi. Kanisa na ikulu walipenda Jumapili au sikukuu. Jumapili ya 15 Januari, Jua lilikuwa katika buruji ya Ndoo, na hesabu za Dee zikakubali.

Elimu hii Dee hakuibuni. Wazungu waliipata kwa sehemu kubwa kupitia vitabu vya Kiarabu vilivyotafsiriwa kwa Kilatini. Mwaka 762 huko Baghdad, Khalifa al-Mansur alipotaka kuanza kujenga mji wake mpya, aliwaagiza wanajimu wamtafutie saa njema ya kuweka msingi. Elimu hiyo hiyo ilishuka pia kwa bahari hadi pwani yetu. Ndiyo maana maneno falaki, buruji, Mirihi, Zuhura na Mushtarii ni ya Kiswahili leo, na yote yametoka katika Kiarabu. Dee wa London na mwenye kupiga falaki wa Pwani walikunywa kisima kimoja.

Kwa nini malkia alihitaji nyota?

Kuna anayeweza kusema ni ushirikina tu. Lakini tazama Elizabeth alikuwa katika hali gani.

Mama yake, Anne Boleyn, alikatwa kichwa kwa amri ya baba yake. Sheria iliwahi kumtangaza Elizabeth kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Nchi ilikuwa imegawanyika kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwanzoni mwa mwaka 1558 Uingereza ilikuwa imepoteza Calais, mji wake wa mwisho katika ardhi ya Ufaransa. Homa kali ilikuwa imeua watu wengi, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury, Reginald Pole, aliyekufa siku ile ile aliyokufa Malkia Mary. Tena wapo waliosema wazi kuwa mwanamke hawezi kutawala wanaume.

Utabiri wa mabaya nao ulikuwa umeenea. Vitabu vya Nostradamus wa Ufaransa vilitafsiriwa na kusomwa Uingereza, na utabiri wake wa mwaka 1559 ulikuwa wa kutisha. Watu waliogopa.

Katika hali hiyo, kusema kwamba siku ya taji imepimwa na kwamba mbingu zimekubali lilikuwa neno la kisiasa. Liliwajibu wenye utabiri wa mabaya kwa lugha yao wenyewe.

Jumamosi ya tarehe 14 Januari, Elizabeth alipita katika mitaa ya London kutoka Mnara wa London kuelekea Westminster, watu wakishangilia njia nzima. Kesho yake akavikwa taji. Kwa kuwa Askofu Mkuu alikuwa amekufa na maaskofu wakubwa hawakutaka kumhudumia, taji liliwekwa na Owen Oglethorpe, Askofu wa Carlisle. Maaskofu walisitasita, lakini siku haikusogezwa.

Mwanachuo wa Mortlake

Baada ya hapo Dee aliishi zaidi Mortlake, kando ya mto Thames, katika nyumba iliyojaa vitabu. Alipokuwa kijana alikuwa amemwomba Malkia Mary aanzishe maktaba ya taifa, akakataliwa. Basi akaamua kuikusanya mwenyewe. Kwa hesabu yake, ilifika vitabu na miswada 4,000 hivi, kuliko vyuo vikuu vya Uingereza vya wakati huo. Wasomi na manahodha walikuja kusoma kwake.

Tusimwone kama mtu wa nyota peke yake. Mwaka 1570 kitabu cha hesabu cha Euclid kilitoka kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, na Dee akakiandikia utangulizi mrefu uliowaeleza mafundi na wafanyabiashara, watu wasiojua Kilatini, faida ya hesabu katika kupima ardhi, kujenga na kusafiri baharini. Aliwafundisha mabaharia kusoma ramani na vipimo, akiwemo Martin Frobisher kabla ya safari yake ya mwaka 1576 kwenda kaskazini mwa Amerika. Mwaka 1577 alichapisha kitabu kuhusu bahari ambamo aliandika habari za Dola ya Uingereza wakati dola hiyo ilikuwa bado ndoto.

Malkia aliendelea kumwita. Mwaka 1577 kimondo kikubwa chenye mkia kilipoonekana na watu wa ikulu wakaogopa, Dee aliitwa Windsor akaeleze. Mwaka 1580 mama yake Dee alipofariki, malkia mwenyewe alifika Mortlake siku hiyo hiyo kumpa pole, akiwa juu ya farasi wake.

Mwaka 1583 alipewa kazi ya kalenda. Nchi za Kikatoliki zilikuwa zimeruka siku 10 mwaka 1582 ili kalenda ilingane tena na Jua. Dee alikagua hesabu akaona kweli kalenda ya Uingereza imepotoka, akashauri nayo irekebishwe. Maaskofu walikataa kwa sababu wazo lilitoka kwa Papa. Uingereza ilikuja kubadilika mwaka 1752, ikalazimika kuruka siku 11.

Lakini ile hofu ya zamani haikwisha. Mwaka 1581 ilipitishwa sheria iliyokataza mtu yeyote kupiga hesabu za nyota za malkia, au kutabiri ataishi muda gani na nani atamrithi. Kwa hiyo malkia aliyetumia nyota kuanza utawala wake aliwafungia wengine mlango. Mtawala alikubali nyota zisomwe kwa amri yake tu.

Kioo cheusi na malaika

Mwaka 1582 alifika Mortlake mtu aliyeitwa Edward Kelley. Dee alikuwa na miaka 54, na alikuwa amechoka na vitabu. Alitaka kujua siri za dunia kutoka kwa malaika wenyewe. Yeye hakuweza kuona kitu. Kelley alidai anaona. Basi Kelley alitazama katika jiwe linalong'aa akaeleza anachoona na kusikia, na Dee akaandika kila neno, daftari baada ya daftari.

Mwezi Septemba 1583 wakaondoka na familia zao pamoja na mtukufu mmoja wa Poland, Olbracht Łaski. Walizunguka Poland na Bohemia, wakaonana na Mfalme Rudolf wa Pili huko Prague na Mfalme Stefan Batory wa Poland. Dee aliwaletea wafalme hao ujumbe wa malaika. Hawakushawishika. Mwaka 1586 walifukuzwa Prague, wakahifadhiwa na tajiri mmoja wa Bohemia.

Mwaka 1587 Kelley alisema malaika wameagiza kwamba wawili hao washirikiane kila kitu, hata wake zao. Mke wa Dee, Jane, alilia na kukasirika. Dee naye aliumia, lakini aliamini kuwa amri imetoka juu, akakubali. Urafiki haukudumu baada ya hapo. Dee alirudi nyumbani mwaka 1589 bila Kelley.

Alikuta nyumba ya Mortlake imevunjwa, vitabu na vifaa vingi vimeibwa.

Miaka ya mwisho

Kuanzia hapo maisha yake ni habari ya kuomba. Malkia alimpenda kwa maneno, lakini ahadi za kazi na fedha zilikawia au hazikutimia. Mwaka 1592 aliwaandalia wajumbe wa malkia maelezo marefu ya kazi zote alizoifanyia nchi, na miongoni mwake alitaja ile ya kuchagua siku ya taji. Mzee wa miaka 65, baba wa watoto, alilazimika kukumbusha kuwa malkia alianza utawala kwa hesabu zake.

Hatimaye alipewa uongozi wa chuo cha makasisi Manchester, akahamia huko mwaka 1596. Makasisi hawakumheshimu, na uvumi wa uchawi ulimfuata. Elizabeth alikufa mwaka 1603 baada ya miaka 44 ya kutawala. Mfalme mpya, James wa Kwanza, aliuchukia sana uchawi. Mwaka 1604 Dee alimwomba mfalme amfungulie kesi ya uchawi mahakamani, ili ama asafishwe jina au auawe. Hakukubaliwa.

Mwaka 1605 tauni ilimchukua mkewe Jane huko Manchester. Dee akarudi Mortlake akiwa mzee, akatunzwa na binti yake Katherine, akauza vitu vyake kimoja kimoja ili apate chakula. Alifariki akiwa na miaka 81, mwishoni mwa 1608 au mwanzoni mwa 1609.

Kilichobaki

Zaidi ya vitabu 100 vyake vimehifadhiwa katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London, vikiwa na maandishi ya mkono wake pembeni mwa kurasa. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kuna kioo cheusi cha jiwe la volkano kinachosemwa kuwa kilikuwa chake. Mwaka 2021 wataalamu walithibitisha kuwa jiwe hilo lilitoka Mexico, kwa watu wa Azteki.

Je, siku aliyoichagua ilikuwa njema kweli? Mwenye kuamini atasema miaka 44 inajibu. Lakini mwaka 1562 ndui ilimkaribisha Elizabeth kaburini, na miaka 10 haijafika tangu taji. Alipona akaendelea kwa sababu ya washauri wazuri, uangalifu wake mwenyewe, na bahati. Na kama nyota zingekuwa zinasema kila kitu, Dee angejua mapema habari za Kelley, za nyumba iliyovunjwa na za tauni ya Manchester.

Hata hivyo kazi yake ya mwaka 1559 haikuwa bure. Watu waliokuwa na hofu walihitaji kuambiwa kuwa mwanzo ni mwema, na msomi mwenye kuheshimika akawaambia. Huku kwetu pia bado kuna wanaotazama siku kabla ya harusi, safari au kuweka msingi wa nyumba. Tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya Elizabeth ilipangwa vizuri. Jioni ya aliyeipanga haikuwa na mtu wa kuipanga.